Kunyoosha rimu iliyopinda: huduma ya kulipia, na mahali inapoishia

Tuanze na hukumu, maana huenda unayesoma haya gari lako liko juu ya jeki. Kunyoosha rimu ya aloi kwa mashine ya haidroliki ni huduma nzuri kwa jeraha la aina moja: mdomo wa ndani uliobonyea kwa upana, usio na ufa wala kona kali, kwenye rimu ambayo haijawahi kunyooshwa mahali hapohapo. Jeraha likitoka nje ya mipaka hiyo, thamani ya huduma hushuka haraka. Likigusa spoki, matundu ya nati au sehemu inayokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu ambacho rimu hufungwa juu yake), huduma haina thamani yoyote, hata fundi akiifanya bure.

Mdomo wa ndani ndio unaoumia zaidi, na sababu iko kwenye umbo la rimu lenyewe. Spoki huungana na pipa la rimu, ile duara pana linalobeba tairi, karibu na upande wa nje, ule unaoonekana barabarani. Upande wa ndani, unaotazama shokapu na breki, pipa limeachwa refu bila kitu cha kulishikilia. Tairi likiingia shimoni na kubanwa mpaka kwenye chuma, ukingo huo usio na nguzo ndio unaokunjika. Tairi lenye ubavu mfupi na upepo pungufu huzidisha pigo. Kwa hiyo mtu akilizunguka gari na kutazama rimu kwa nje tu, anaweza kuona zote nne ziko sawa na mojawapo imepinda vibaya.

Dalili nazo hupotosha. Usukani unaotetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa huelekeza kwenye magurudumu ya mbele, na kiti au sakafu ikitetemeka, nyuma. Lakini mtetemo huohuo hutokana pia na risasi ya balansi (kile kipande cha uzito kinachobandikwa kwenye rimu) iliyodondoka, tairi lililokatika nyuzi ndani, bearingi iliyolegea, au kutu na matope yaliyoganda kati ya rimu na habu. Matope yaliyokauka ndani ya pipa huvuruga balansi kiasi cha kumtia mtu hofu kubwa kuliko tatizo lenyewe. Osha kwanza. Ni hatua ya dakika chache na wakati mwingine ndiyo matengenezo yote yaliyohitajika.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi katika huduma hizi ni gereji kuuza balansi kama tiba ya rimu iliyopinda. Mashine ya balansi hupima uzito, haipimi umbo. Gurudumu lenye umbo la yai linaweza kuongezewa risasi mpaka kioo kisome sifuri pande zote mbili, na bado litaruka barabarani kwa sababu kipenyo chake hakilingani. Ukiona fundi amebandika risasi nyingi upande mmoja, kisha anakuambia mtetemo uliobaki ni wa barabara, hapo umelipia kazi isiyohusiana na ugonjwa.

Kipimo kinachohitajika ni saa ya kupimia, ile yenye mshale na kidole kinachogusa chuma, iliyofungwa kwenye stendi isiyoyumba. Tairi litolewe, rimu isafishwe, ifungwe kwenye mashine au kwenye habu ya gari, kisha izungushwe taratibu. Kidole kiguse pale tairi linapokalia, siyo kwenye mdomo kabisa, kwa sababu mdomo unaweza kuwa na mikwaruzo ya ukingo wa barabara isiyoathiri mwendo. Pima mara mbili kwa kila upande: kupanda na kushuka, halafu kuyumba kushoto na kulia. Hiyo ni namba nne, nazo ndizo unazopaswa kuonyeshwa kabla ya kukubali bei.

Viwango hutofautiana kwa mtengenezaji, lakini rimu nyingi za alumini hupewa mpaka wa kama milimita 0.5 hadi 0.8, na za chuma milimita 1 au zaidi kidogo. Usome mpaka wa gari lako kwenye kitabu chake cha matengenezo. Iwapo namba imezidi, habu nayo ipimwe peke yake kabla ya kuilaumu rimu: habu inatakiwa kuyumba kwa sehemu chache tu za mia za milimita, na kosa dogo pale katikati hukua likifika kwenye ukingo.

Mbali na kunyoosha na kubadilisha, kuna jibu la tatu ambalo gereji nyingi hazilitaji kwa kuwa halina malipo: kuiacha ilivyo. Mdomo uliobonyea kidogo, rimu ikiwa ndani ya kipimo, haivuji, haina ufa na gari halitetemeki, hauhitaji kunyooshwa. Kila mkunjo wa alumini hupunguza uwezo wake wa kukunjwa tena, na kunyoosha ni mkunjo wa pili. Usiutumie kwa ajili ya urembo wa sehemu ambayo hakuna anayeiona. Paka maji ya sabuni kwenye mshono wa tairi na rimu, tazama kama mapovu yanajitokeza, kisha pima upepo kila wiki kwa muda. Ukibaki palepale, endelea na safari zako.

Jinsi kazi nzuri inavyofanywa

Rimu nyingi za aloi husubiwa, yaani humiminwa kwenye kalibu, kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, karibu asilimia 7, pamoja na magnesi kidogo. Baada ya kusubiwa, rimu hupashwa moto hadi karibu nyuzi 540 za Selsiasi, huzamishwa majini ghafla, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 150 na zaidi kidogo. Hatua hizo huitwa T6, na ndizo zinazoipa rimu nguvu yake. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya ubishi kuhusu kunyoosha: fundi mwenye mtungi wa gesi anaweza kuifuta kazi hiyo ya kiwandani kwa dakika chache.

Rimu za kufuliwa, yaani zilizoundwa kwa shinikizo badala ya kumiminwa, ni habari nyingine. Metali yake imegandamizwa, hukunjika zaidi kabla ya kupasuka, na kwa hiyo hurudi vizuri zaidi kwenye mashine. Za kusubiwa ni ngumu lakini zina uvumilivu mdogo. Mbonyeo unaofanana kwenye rimu hizi mbili unaweza kuwa wa kunyoosha kwa moja na wa kutupa kwa nyingine. Fundi asiyeuliza wala kuangalia ni rimu ya aina gani hajaanza kazi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Tairi, risasi na nozeli hutolewa, pamoja na kihisi cha upepo kama gari linacho, maana joto na pigo huviharibu vyote. Rimu huoshwa na eneo la jeraha husuguliwa mpaka metali ionekane. Hupimwa ufa, hatua tutakayoirudia hapa chini. Kisha hufungwa katikati kwenye mashine, saa ya kupimia huwekwa, sehemu ya juu na ya chini huwekewa alama kwa kalamu. Jeki ya haidroliki husukuma kupitia kiatu chenye umbo linalofuata pipa, kutoka ndani kuelekea nje, kidogo kidogo. Metali hurudi nyuma kila shinikizo linapoachwa, kwa hiyo fundi husukuma kupita kidogo pale anapopataka, huachia, husoma saa, kisha hurudia. Anayesukuma mara moja kwa nguvu na kusema "tayari" ama ana bahati ama hakusoma saa.

Tena asiishie kwenye mbonyeo. Pipa likisukumwa upande mmoja, upande wa pili nao husogea, na mara nyingi rimu iliyopigwa mahali pamoja huwa na vilima viwili vidogo pembeni mwa jeraha. Hivyo ndivyo vinavyobaki kazi ikifanywa kwa macho. Dereva anarudi akisema mtetemo umepungua lakini haujaisha, na kweli haujaisha.

Joto lina nafasi yake, tena ndogo. Kupasha eneo lote kwa upole kabla ya kusukuma hupunguza hatari ya kupasuka, hasa kwa rimu ya kusubiwa. Ila juu ya nyuzi 200 hivi, na muda ukiwa mrefu, ugumu wa T6 huanza kupotea na haurudi wenyewe rimu ikipoa. Jambo baya zaidi ni kwamba alumini haina onyo la macho: chuma huiva kikawa chekundu, ilhali alumini hubaki na rangi yake mpaka inakaribia kuyeyuka. Kwa hiyo fundi anayesema anajua joto "kwa kuangalia" hajui. Anatakiwa kutumia chaki ya joto, inayoyeyuka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake. Bunduki ya infraredi nayo hudanganya juu ya alumini inayong'aa, husoma chini sana ya joto halisi, labda eneo lipakwe kwanza rangi nyeusi isiyong'aa. Hilo ni swali zuri la kumpima fundi: muulize anapimaje joto, kisha nyamaza umsikilize.

Nyundo na kipande cha mbao kwenye rimu ya aloi, hapana. Pigo ni la ghafla na huleta nguvu yote mahali padogo, wakati kinachotakiwa ni msukumo wa taratibu uliosambazwa.

Ufa

Ufa ndio unaokata shauri. Mara nyingi huanzia kwenye mdomo wa ndani, pale mkunjo ulipokuwa mkali, na kukatiza pipa kuelekea katikati. Mwanzoni hauonekani. Unachoona ni tairi linalopoteza upepo polepole, fundi wa pancha haoni msumari, analifunga tena, na baada ya siku chache limelala.

Kipimo chake ni rahisi na hakina kisingizio. Eneo husafishwa kwa kemikali ya kuondoa mafuta, hupuliziwa rangi nyekundu inayopenya, huachwa dakika 10 hadi 20 kulingana na maelezo ya kopo, hupanguswa kwa kitambaa, kisha hupuliziwa unga mweupe. Penye ufa, mstari mwekundu hujichora wenyewe juu ya weupe. Hufanywa kabla ya kunyoosha, na hufanywa tena baada ya kunyoosha, kwa kuwa kunyoosha kwenyewe kunaweza kuzaa ufa. Gereji inayofanya mara moja tu imefanya nusu ya kazi. Isiyofanya kabisa inakuuzia matumaini. Na kipimo kitangulie rangi siku zote. Rimu iliyorudi imepakwa upya, inang'aa, bila kipimo cha ufa, ndiyo tunayoiamini kidogo kuliko zote.

Kuhusu kuchomelea, hapa wataalamu hawakubaliani, na sisi tuna upande. Mchomeleaji hodari anaweza kuchimba ufa wote, akatoboa kitundu mwishoni mwake ili usiendelee, akajaza kwa gesi ya agoni na waya wa alumini, akasaga ukawa laini na usiovuja. Kazi ya mkono inaweza kuwa nzuri sana. Tatizo liko pembeni mwa mshono: metali iliyo jirani imepata joto lililoondoa T6, na hakuna gereji ya kawaida inayoirudishia rimu nzima matibabu yale ya kiwandani. Ndiyo maana ufa mpya hutokea kando ya mshono, siyo juu yake. General Motors, kwa mfano, katika maelekezo yake kwa mafundi haikubali kuchomelea wala kunyoosha rimu za alumini, na huruhusu tu matengenezo ya rangi na mwonekano. Kuhusu kunyoosha, tunaona msimamo huo ni mkali kuliko inavyohitajika kwa mbonyeo mdogo uliopimwa vizuri. Kuhusu kuchomelea, tunaukubali. Ufa kwenye spoki au kuzunguka matundu ya nati haujadiliwi kabisa. Rimu hiyo ikatwe, isije ikapata mnunuzi.

Kuna sababu nyingine za kukataa ambazo hazihitaji kipimo: mkunjo wenye kona kali kama karatasi iliyokunjwa, kipande cha mdomo kilichong'oka, matundu ya nati yaliyopanuka, kutu nyeupe ya alumini iliyokula sehemu ya kukalia tairi mpaka ikawa na vishimo virefu, na alama za nyundo au mshono wa zamani mahali jeraha jipya lilipo. Gereji nzuri hukataa rimu. Ukiingia mahali wanapokubali kila kinacholetwa, chukua yako uondoke.

Rimu za chuma

Hizi hazihitaji maneno mengi. Chuma hukunjika bila kupasuka kwa urahisi, na mdomo uliopinda kidogo unaweza kurudishwa ukashika upepo. Lakini rimu ya chuma kwa kawaida ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo, kwa hiyo kunyoosha kuna maana tu kama kazi ni ndogo kweli na kipimo kinarudi ndani ya mpaka. Sahani ya katikati ikipinda, au matundu ya nati yakiwa yai, badilisha. Rimu za malori zenye pete za kufungia hazihusiki na makala haya: zikipinda au kupasuka hazinyooshwi wala kuchomelewa, kwa kuwa pete ikichomoka wakati wa kujaza upepo huua.

Ukiamua kubadilisha

Shabaha ni rimu inayofanana na ya zamani kwa kila namba, siyo inayoingia tu. Nyuma ya spoki huandikwa kitu kama 7J x 16 ET45: upana wa inchi 7, kipenyo cha inchi 16, na milimita 45 za umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaokalia habu. Ongeza mpangilio wa nati, kwa mfano 5x114.3 (nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), na kipenyo cha tundu la katikati. Hili la mwisho husahaulika. Tundu likiwa la milimita 67.1 na habu ikiwa ya 60.1, rimu itafungika vizuri tu, lakini haitakaa katikati yenyewe, na utarudishwa kwenye mtetemo uleule uliokutoa nyumbani. Pete ya kuziba nafasi hiyo ni kitu kidogo, iulizie kabla ya kufunga.

Nati nazo zina umbo la kiti: koni ya nyuzi 60, mviringo, au bapa yenye washa. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota, zile zinazotoka na gari kiwandani, hutumia bapa, za Honda hutumia mviringo, na za soko huria karibu zote ni koni. Nati ya kiti kisicholingana hugusa kidogo, hulegea, na huharibu tundu.

Uwezo wa kubeba pia usomwe. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli iliyo nzito zaidi, ugawe kwa mbili; rimu isiwe chini ya hapo. Ekseli ya kilo 1,100 inataka rimu ya kilo 550 au zaidi. Alama ya JWL huonyesha kuwa mtengenezaji anadai kufuata kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari madogo, na VIA kwamba rimu imesajiliwa baada ya majaribio; kwa Ulaya, rimu za kubadilishia huidhinishwa chini ya kanuni namba 124 ya Umoja wa Mataifa. Nakala zinazofanana na za asili bila alama yoyote wala kilo zilizoandikwa ndizo zinazopinda kwenye shimo la pili.

Rimu ya asili iliyotumika ndiyo chaguo letu la kwanza kwa gari lisilo jipya, kwa sharti moja: izungushwe mtupu, bila tairi, kwenye mashine ya balansi mbele yako, na saa ya kupimia ikiwezekana. Geuza nyuma. Rangi mpya ndani ya pipa wakati spoki zina mikwaruzo ya zamani ina maana kuna kilichofichwa. Muuzaji anayekataa kuizungusha amekwisha kukujibu.

Kuhusu fedha, tunatumia kipimo hiki: kunyoosha, pamoja na kutoa na kurudisha tairi, vipimo vya ufa na balansi, kukizidi nusu ya gharama ya rimu nzuri ya asili iliyotumika, nunua rimu. Rimu iliyonyooshwa hata kikamilifu imebakiza uvumilivu mdogo, na shimo linalofuata halitajua kuwa umelipa.

Wala usilisahau tairi. Pigo lililopinda chuma limepita kwanza kwenye mpira. Uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika, na tairi hilo halirudi kazini hata kwenye rimu mpya. Likaguliwe ndani pia, kwa mkono na taa, kutafuta mstari wa mchubuko unaozunguka. Halafu tairodi, mkono wa chini, shokapu na bearingi ya upande huo vitazamwe, na alaimenti ipimwe baada ya rimu kufungwa.

Wakati wa kufunga, uso wa habu na wa nyuma ya rimu visuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa juu. Likishuka, zimaliziwe kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, ambayo kwa magari mengi madogo huwa kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 90 na 140. Spana ya upepo isitumike kumalizia. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena kwa kipimo kilekile, na siku hiyohiyo rudia maji ya sabuni kwenye mdomo wa ndani, hasa kama rimu ni ile iliyonyooshwa.